Mtego wa kulinda mahindi umegeuka kuwa biashara, na kipunji ndiye anayelipa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalofanyika kila msimu mahindi yanapobeba kwenye miteremko ya Rungwe, Makete na Kilolo, na ambalo halipewi uzito hata kidogo: kuuawa na kuuzwa kwa kima, nyani, tumbili, mbega, komba na, lililo baya kuliko yote, kipunji, mnyama wa jamii ya nyani asiyepatikana nje ya Tanzania. Habari za ujangili zikiandikwa, huandikwa za tembo na faru. Nyani hahesabiwi. Mtaje kwenye mkutano wa kijiji uone. Utajibiwa kwa neno moja, "mharibifu", na mjadala umekwisha.

Neno hilo ndilo tunalotaka kulifungua, kwa sababu limekuwa kibali cha kila kitu. Mkulima anayelishwa hasara na kundi la nyani ana haki ya kulalamika, na hatumlaumu. Lakini fuata kinachotokea baada ya mnyama kunaswa. Msimu wa kwanza mzoga huliwa na mbwa wa nyumbani. Msimu wa pili anatokea mtu wa kuununua, kwanza kwa kitoweo cha kilabuni, baadaye kwa oda. Mwenye mtego akishaonja fedha hiyo, mahindi hayamshughulishi tena. Anaongeza waya, kisha anavuka mpaka wa hifadhi. Ukitaka kujua mtego uliouona ni wa shamba au ni wa biashara, hesabu hatua kutoka shina la mwisho la mahindi. Waya uliotegwa hatua mia tatu ndani ya msitu haulindi gunia la mtu yeyote.

Mitego yenyewe ni ya aina mbili ambazo kila anayeishi kando ya msitu anapaswa kuzitambua. Wa zamani ni mtego wa gogo. Gogo zito huinuliwa upande mmoja na kushikiliwa na kijiti, chini yake huwekwa chambo, mara nyingi punje au gunzi la mahindi. Mnyama akigusa kijiti, gogo linamshukia mgongoni au kichwani. Kipunji wengi walioripotiwa kuuawa kuzunguka Mlima Rungwe waliuawa kwa mitego ya namna hii, au kwa kufukuzwa na mbwa na kupigwa mkuki, kwa kisa cha mahindi, maharage na viazi vitamu. Wa pili ni tanzi la waya, na huu ndio umeenea. Malighafi yake imejaa kila gereji: waya wa breki ya baiskeli, waya wa klachi ya pikipiki, nyaya zinazobaki tairi likichomwa. Dalili yake ni mche wa unene wa mpini wa jembe, uliopunguzwa matawi na kuinamishwa kama upinde, na kando yake vijiti vilivyochomekwa kama ua mdogo ili mnyama asipate pa kupita isipokuwa mwanya mmoja. Huwekwa pia juu ya gogo lililolala kuvuka kijito, kwa kuwa kima na kipunji hupenda kuvukia hapo miguu isilowe.

Waya hauchagui. Aliyetega kwa ajili ya minde (paa wa msituni) au nguruwe pori atamkuta kima jike mwenye mtoto kifuani. Na waya hauozi. Kamba ya mgomba au ya gome la mti ilikuwa ikikatika baada ya masika moja, ila waya wa pikipiki uliosahauliwa unaendelea kuua miaka kadhaa baada ya mwenyewe kuhamia Tunduma kufanya biashara nyingine. Mnyama mwenye nguvu huweza kuukata waya na kukimbia nao mkononi. Nyama huvimba, waya huzama hadi mfupani, kiganja huoza na kudondoka. Ukiona kwenye kundi kima anayepanda mti kwa mkono mmoja, ujue waya umepita hapo.

Tumesema kipunji ndiye anayelipa, na inafaa tueleze kwa nini. Mnyama huyu hayupo popote duniani isipokuwa Tanzania. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na jina lake tangu zamani, lakini wanasayansi walimtambua kuanzia mwaka 2003, wakamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakagundua kuwa hafai hata kuwekwa kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, yoyote iliyokuwapo. Akapewa yake, Rungwecebus. Jenasi mpya ya nyani wa Afrika haikuwa imepatikana tangu mwaka 1923. Anaishi sehemu mbili tu: misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, ambayo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, na msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Kati ya sehemu hizo mbili kuna takribani kilomita 350. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata kipunji 1,117 kwa jumla, wakiwa katika vikundi 38, na 75 tu kati yao ndio waliokuwa Ndundulu. Eneo walilokuwa wakilitumia hasa halikufika kilomita za mraba 18. Kijiji kimoja kikubwa kinaweza kuwa na ardhi zaidi ya hiyo.

Kuna habari njema, na ni lazima isemwe. Hesabu iliyorudiwa zaidi ya miaka kumi baadaye ilionyesha kuwa kipunji wa Rungwe na Kitulo wameongezeka. Hawakuongezeka kwa bahati. Mlima Rungwe ulipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009, Kitulo ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, doria ziliondoa waya, miti ya asili ilipandwa kwenye ushoroba wa Bujingijila unaounganisha Rungwe na Livingstone, na vijana wa vijiji vya jirani waliajiriwa kufuatilia vikundi. Waya zikiondolewa, kipunji huzaa na kuongezeka. Tunaomba msomaji asije akaisoma habari hiyo kama ruhusa ya kulegeza.

Tatizo ni kwamba mtu wa kawaida hamtofautishi na wengine, na aliyeko shambani na mbwa wanne hana muda wa kutafakari. Basi tuseme wazi. Nyani hutembea chini, pua ndefu kama ya mbwa, na mkia wake umepinda karibu na shina kana kwamba umevunjika. Kima ni mdogo zaidi, wa kijivu, mwepesi wa kuruka. Kipunji ni mkubwa kuliko kima, anakadiriwa kufika kilo 10 hadi 16, ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, tumbo na nusu ya mwisho ya mkia ni nyeupe iliyofifia, uso mweusi, na utosini nywele ndefu zimesimama kama shungi. Mlio wake haufanani na wa mwingine yeyote: ni kama honi ya chini inayoishia kwa mbweko. Akilia hivyo asubuhi kwenye bonde, mwite mwenyekiti wa kitongoji asikie, na mbwa wafungwe. Ukubwa wake ndio unaomponza kwa wafanyabiashara ya nyama, kwa sababu waya ni uleule na kazi ni ileile, kilo ndizo tofauti.

Wapo wanaosema msitu ni mkubwa na wanyama watazaliana. Tuchukue mfano. Kundi la kipunji kwa wastani lina wanyama kama 30. Tuseme majike wazima ni kumi. Nyani wa ukubwa huu huzaa mtoto mmoja kwa wakati, na jike mwenye mtoto mchanga kwa kawaida hukaa karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena. Hapo ni watoto watano kwa mwaka kwa kundi zima. Ondoa wanaochukuliwa na tai, wanaoanguka, wanaokufa kwa baridi ya Julai. Wanaofika utu uzima ni wawili au watatu. Mtegaji mmoja mwenye waya 20 anaweza kuchukua zaidi ya hao kwa mwezi mmoja wa mahindi mabichi. Akichukua majike, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Kwa anayetaka ushahidi kutoka milima yetu wenyewe, aitazame Udzungwa. Katika msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, mbega wekundu bado wapo kwa wingi. Katika msitu wa Uzungwa Scarp, upande wa Kilolo na Mufindi, mbega wekundu na mbega weusi walipungua hadi kutoweka kwenye sehemu walizokuwa wamejaa, na watafiti waliowahesabu mwaka hadi mwaka waliona sababu kubwa ni uwindaji. Milima ni ileile, na mbega wekundu ni walewale wasiopatikana nje ya Udzungwa na bonde la Kilombero. Tofauti kubwa ni ulinzi. Kima wao hawakuanguka kiasi hicho, na sababu yake inafundisha. Kima ni mwepesi, hula chochote, na akisikia mbwa huyeyuka. Mbega hula majani, hukaa muda mrefu juu ya mti mmoja akisaga chakula, na akiogopa hujificha kwenye majani badala ya kukimbia. Mtu mwenye gobole anaweza kulimaliza kundi lote chini ya mti mmoja.

Msitu usiokuwa na wanyama hawa husimama, lakini haujirudishi kama zamani. Kipunji wamerekodiwa wakila zaidi ya aina 100 za mimea, na mbegu za matunda wanayomeza huangushwa mbali na mti mama. Miti mingi yenye mbegu kubwa hutegemea wanyama wa namna hii kubeba mbegu zake. Kwenye miteremko hiyo ndiko inakoanzia mito Kiwira na Mbaka inayoteremka hadi Kyela na Ziwa Nyasa, na upande wa pili Kitulo hupeleka maji bonde la Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu. Mkulima wa mpunga wa Mbarali hajawahi kumwona kipunji, na pengine hatamwona, lakini maji ya shamba lake yanatoka kwenye milima hiyo.

Sasa biashara ya walio hai. Mwezi Machi 2016 tumbili 61 walikamatwa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro wakiwa tayari kusafirishwa kwenda Albania. Mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwapa wafanyabiashara miezi sita wasafirishe waliobaki nao mazizini, na Waziri akalisitisha haraka. Tunayakumbusha haya kwa sababu huku kwetu bado kuna watu wanaozungushwa vijijini wakiambiwa kuna mnunuzi wa Dar es Salaam anayetaka "watoto wa nyani, wazima, wasio na jeraha". Mtoto wa nyani asiye na jeraha hupatikana kwa njia moja, kumuua mama anayemkumbatia, na mara nyingi dume na majike wengine wanaokuja kumtetea. Kila mtoto anayefika sokoni ameacha mizoga nyuma.

Wengi wa watoto hao hawafiki hata huko. Mtoto wa mbega mweusi huzaliwa mweupe pe, jambo linalowavutia wanunuzi, lakini tumbo lake limeumbwa kwa majani ya msituni na maziwa ya mama. Akipewa maziwa ya ng'ombe na ndizi huharisha na kufa ndani ya siku chache. Tumbili na nyani huvumilia zaidi, ndiyo maana utawaona wamefungwa mkanda kiunoni kwenye baa na vituo vya mafuta kandokando ya barabara kuu. Mkanda haukui pamoja na mwili. Baada ya miezi huanza kukata ngozi, na anayemfuga anadhani mnyama amekuwa mkali bila sababu. Dume likifika miaka minne au mitano, meno ya chonge yametoka, linauma mtoto wa jirani, na mwisho wake ni kupigwa risasi au kutupwa porini ambako hajui kutafuta chakula na kundi la wenyeji halimpokei. Anayenunua mtoto wa tumbili kwa kumhurumia amelipia uwindaji wa mwingine. Huruma ya kweli ni kupiga simu kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), bila kutoa hata shilingi.

Kuna suala la magonjwa pia. Mwaka 1967 tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda kwenda kwenye maabara za Ujerumani na Yugoslavia waliingia na kirusi kisichojulikana. Watu 31 waliugua, saba wakafa, na ugonjwa ukapewa jina la mji wa Marburg. Ugonjwa huohuo ulitokea Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Makazi ya kirusi hicho ni popo wa matunda, siyo tumbili, lakini tumbili anaweza kukipata na kukipitisha kama mtu anavyoweza. Nyama ikiiva vizuri, kirusi hufa. Hatari kubwa haipo kwenye sufuria, ipo kwenye kisu: kuchuna, kutoa matumbo, damu kuingia kwenye mikwaruzo ya vidole, na mama anayesafisha utumbo mtoni bila kujua mnyama alikufaje. Mnyama aliyekutwa amekufa msituni bila jeraha la mtego asiguswe kabisa, na taarifa itolewe kwa ofisi za mifugo na afya siku hiyohiyo. Aliyeumwa na nyani au tumbili aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Tukiishia kukataza, tutakuwa tumemwacha mkulima peke yake na gunia zake, naye atarudi kwenye waya. Kulinda shamba bila kuua kunawezekana, ila kunahitaji utaratibu ambao wazee waliujua na sisi tumeuacha. Kuna kipindi cha hatari, kuanzia mbelewele zinapotoka hadi punje zinapokauka, wiki sita hadi nane na huku kwenye baridi zaidi kidogo. Kama kila mtu anapanda wakati wake, kipindi hicho kinakuwa cha miezi mitano kwa kijiji kizima, na hakuna anayeweza kulinda miezi mitano. Wenye mashamba yanayopakana na msitu wakikubaliana kupanda ndani ya wiki moja, hasara inagawanyika na ulinzi unakuwa wa muda mfupi. Kaya kumi zikishirikiana na kuweka walinzi wawili kwa siku, kila kaya ina zamu moja kila baada ya siku tano. Hiyo inabebeka.

Walinzi wawe kwenye dungu kabla ya saa 12 asubuhi. Kima hushuka alfajiri na tena kuanzia saa kumi jioni. Nyani yeye hupeleleza. Hutazama kutoka pembeni, na mlinzi akienda kula mchana, kundi linaingia. Hivyo chakula kiliwe kwa kupokezana. Kombeo, debe na kelele vinatosha ikiwa mlinzi anatembea na kuwatoka upande ambao hawakutarajia. Sanamu ya matambara hufanya kazi siku tatu au nne, kisha wanaikalia. Na tafadhali wasiwekwe wanafunzi. Nyani anajua kupima, humwogopa mtu mzima kuliko mtoto, kwa hiyo shule inapotea na mahindi yanapotea pia.

Mpaka wenyewe utengenezwe. Ukanda wa mita 10 hadi 20 uliofyekwa kati ya msitu na shamba, upande wa shamba siyo wa hifadhi, unamnyima kima matawi ya kushukia na unampa mlinzi nafasi ya kumwona akivuka. Baada ya ukanda huo ipandwe chai, pareto, vitunguu au pilipili, mazao ambayo nyani hayamvutii, na mahindi yasogee mbali kadiri shamba linavyoruhusu. Tunajua mwenye ekari moja hana pa kuyasogeza. Kwa huyo, zamu ya pamoja ndiyo kinga aliyo nayo, na ndiyo maana serikali ya kijiji iiwekee sheria ndogo yenye faini kwa anayekwepa zamu, kama inavyofanya kwa mfereji wa maji.

Sumu isifikiriwe kabisa. Ndizi au mahindi yaliyolowekwa dawa ya wadudu huua nyani mmoja, kisha huua mbwa anayemla, tai, fisi, na yule mtoto anayeokota ndizi njiani.

Kuhusu kuondoa waya, wanaotaka kushiriki wajue kuwa kuna namna yake. Shika kwanza mche ulioinamishwa, uuachie taratibu, ndipo ukate tanzi. Ukianza kwa kukata waya, mche utakupiga usoni kwa nguvu ileile iliyokusudiwa kumnyanyua mnyama. Waya wote uondoke msituni, kwa kuwa ukiutupa chini mwenyewe atauokota kesho. Andika tarehe, mahali na idadi. Ukikuta mnyama hai kwenye tanzi, watu warudi nyuma na mtu mmoja apige simu. Mnyama anayezungukwa na umati huvuta waya hadi ukate mfupa. Wakati mzuri wa msako ni wiki mbili kabla mahindi hayajaanza kubeba, na mara moja tena baada ya mavuno, kwa sababu zile za msimu huachwa pale pale.

Na hapa kuna kikwazo ambacho wenye mamlaka wanaweza kukiondoa kwa karatasi moja. Mlima Rungwe uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), Kitulo chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), ardhi ya kijiji iko kwa halmashauri ikisaidiwa na TAWA. Mwananchi wa Bujingijila akiona mtego hajui amesimama upande gani wa mpaka. Huambiwa apige namba nyingine, na akifika namba ya tatu mtegaji amekwisha kuja na kuondoka. Namba moja ya simu, ikibandikwa kwenye ofisi ya kila mtendaji wa kijiji, inayopokelewa na mtu mmoja anayejua kuwagawia wenzake kazi, ingetosha. Kamati za maliasili za vijiji nazo zipitiwe upya. Ambako mtegaji anayejulikana ni mjumbe, hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamtaka kila mwindaji awe na kibali, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inalinda msitu wa hifadhi. Jambo ambalo wananchi wengi hawalijui ni hili: hata pale sheria inapokubali kuwa mnyama aliuawa kwa kulinda maisha au mali, mzoga hauwi wa aliyemuua. Ni nyara ya Serikali, na taarifa lazima itolewe. Nyama haiuzwi, ngozi haianikwi, mkono haupelekwi kwa mganga. Hili likitangazwa misikitini, makanisani na kwenye minada, kile kisingizio cha "mharibifu" kitabaki bila soko.

Kesi hupotea kwa mambo madogo. Mtu anakamatwa na gunia la nyama iliyobanikwa, shahidi anasema ni nyama ya kima, anaulizwa amejuaje, hana jibu. Anayekamata ahakikishe kichwa, mikono, mkia na kipande cha ngozi vinabaki na kupigwa picha pamoja na mtuhumiwa. Hati ya ukamataji ijazwe papo hapo na isainiwe na shahidi huru, siyo askari mwenzake. Kila mkono uliopokea kielelezo uandikwe. Nyama haikai, kwa hiyo huombwa amri ya hakimu iteketezwe, na hapa ndipo kesi nyingi za nyara zimeangukia: Mahakama ya Rufani imeshasisitiza kuwa mtuhumiwa lazima awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla ya amri hiyo kutolewa. Akiachwa mahabusu wakati fomu inasainiwa, kielelezo hufutwa, na mtu anatoka akirudi kwenye waya zake. Siku moja ya mafunzo kwa askari wa vituo vya Kiwira, Tukuyu, Makete na Kilolo ingeokoa kesi nyingi kuliko doria ya mwezi mzima.

Halmashauri ziko kwenye maandalizi ya bajeti. Tunaomba madiwani wa kata zinazopakana na misitu hii waombe kifungu cha posho ya walinzi wa mazao kwa wiki nane za hatari, pamoja na mbao na misumari ya madungu, na watake idadi ya waya zilizoondolewa isomwe kwenye kila kikao cha robo mwaka, kijiji kwa kijiji, kama inavyosomwa idadi ya madarasa na matundu ya vyoo.

Wasomaji wako,
Kikundi cha wahifadhi wa misitu ya milimani,
Tukuyu, Mbeya